Mifumo Miwili na Mama Mkwe Mmoja

Kuna mwaka nilipanga kompyuta tatu kwa mstari kwenye kaunta ya duka langu mjini Migori, nikawategea wateja nione kila mmoja ataangukia ipi. Ya kwanza ilikuwa na Windows. Ya pili niliiwekea Linux, ule mfumo wa bure unaopatana na mashine kuukuu. Ya tatu ilikuwa Chromebook, ambayo bila intaneti hukutazama tu. Sikumwambia mtu kitu. Nilikaa nyuma ya printa na daftari la shule, nikiandika nani kakaa wapi, kwa muda gani, na kalalamikia nini.

Mke wangu aliniuliza nani amenituma. Hakuna aliyenituma, ndivyo nilivyoumbwa. Utotoni kule Kehancha niliwahi kumfuata ng'ombe mmoja wa baba kutwa nzima, kwa sababu wenzake wote walipita njia fupi ya mtoni naye peke yake akazunguka. Sababu yake sijaijua hadi leo, na bado inaniudhi.

Daftari lile lilinifunza mengi. Mkulima wa tumbaku kutoka kwetu Kehancha alikaa kwenye Linux nusu saa, akajaza fomu yake ya serikali, akaichapisha, na wakati wa kuondoka akaisifu: "Hii Windows yenu iko mbio sana." Mama mmoja anayeleta omena, dagaa wa ziwani, kutoka kisiwa cha Remba aliikataa Linux hiyo hiyo kabla hajaigusa, eti kile kitufe cha kona ya chini hakiko mahali pake. Mwanafunzi wa uuguzi aliing'ang'ania Chromebook kwa wiki mbili, akiipenda kwa jinsi inavyowaka upesi, mpaka siku mtandao ulipopotea mji mzima akabaki ameikodolea macho.

Nikaanza kuzipa tabia. Windows ni kama njia ya sokoni: kila mtu ameshaipita, ukipotea hukosi wa kukuelekeza, na karibu kila programu inayojulikana ina makao humo. Lakini kwenye mashine iliyozeeka inatembea kwa kupumzika, na virusi vya flashi za mtaani vinaipenda. Linux ni nyepesi, haikuulizi leseni, na virusi hivyo huipita bila kupiga hodi. Taabu yake ni kwamba ikikushinda mashambani kama Lambwe au Kehancha, jirani wa kumwita hayupo. Chromebook ni safi na haina mambo mengi, ila bando likiisha nayo imeisha.

Sifichi kwamba nilikuwa na upande wangu. Mwamba ngoma huvutia kwake. Mashine yangu ilikuwa na Linux, za watoto wangu zilikuwa na Linux, na mtu akinipa dakika tano nilimhubiria. Kasoro zake nilizitafutia maneno ya upole. Barua ya mteja ikifunguka na pambizo zimehama, nilisema barua yenyewe iliandikwa vibaya. Ukipenda, chongo huita kengeza.

Mpinzani wangu alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, karani katika ofisi moja mjini Homa Bay. Yeye ni mtu wa Windows tangu shuleni na hakuona sababu ya kuhama.

"Shemeji, hiyo kitu yako ni ya wataalamu," alizoea kuniambia. "Windows hata ikiharibika, mtu yeyote barabarani anaweza kukuonyesha. Wewe hiyo yako ikikwama, si unapiga magoti unaomba?"

"Naandika amri mbili, inapona."

"Ndio hiyo sasa. Mama yangu ataandika amri?"

Mama yake ndiye aliyekuwa katikati ya ubishi wetu. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi, sasa amestaafu, mjane, anaishi bondeni Lambwe. Ni yeye peke yake katika watu ninaowajua anayesema tarakilishi badala ya kompyuta, na ukisema "hiyo tarakilishi iko na shida" atakungoja mpaka useme "ina shida." Ni Msabato asiyeyumba. Jumamosi hata simu yake hulala.

Alikuwa na presha ya macho. Daktari wa macho mjini Homa Bay alimweleza wazi kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, na kilichobaki watajaribu kukilinda kwa matone ya dawa asubuhi na jioni. Watoto wake walilia. Yeye aliuliza swali moja tu: amebakiwa na muda gani wa kusoma na kuandika? Daktari hakuweza kumwambia. Basi akarudi nyumbani, akafungua laptopu kuukuu aliyoiacha marehemu mumewe, akaanza kuandika kitabu.

Kilikuwa kitabu cha Lambwe. Aliolewa huko wakati watu bado walikuwa wanakwepa bonde lile kwa ajili ya mbung'o, na shule aliyofundisha ilianza chini ya mabati manne. Walioyaona hayo walikuwa wamekwisha karibu wote. Alitaka kuyaandika kabla macho hayajafunga, basi. Hakuwa na haja ya mchapishaji wala sifa. Alitaka nakala za wajukuu na moja ya shule.

Alipofika ukurasa wa kumi na tisa, ile laptopu ikaanza kufa. Ilichukua muda wa kupika chai mpaka iwake, halafu ikawa inazima katikati ya sentensi. Shemeji alitaka kuipeleka Homa Bay waifute na kuirudishia Windows upya. Mimi nikaona nafasi yangu imekuja. Nilisema mashine hiyo ni mzee, haiwezi tena kubeba mzigo wa Windows, wanipe niipeleke Migori wiki moja waone. Mama mkwe akasema, "Mpeni ora ajaribu." Ora ni mkwe kwa Kijaluo, na ndivyo anavyoniita siku zote.

Hapa lazima nieleze jambo. Mimi ni Mkuria niliyeoa Ujaluoni. Kwetu mkwe ni mtu wa kuogopwa kwa heshima, na kwao ni vivyo hivyo, ingawa kila upande una mambo yake madogo madogo. Sijawahi kumpa mama mkwe mkono. Sijawahi kula mbele yake. Nikifika hukaa kiti kilicho karibu na mlango wa nje, yeye huketi upande wa pili unaoelekea vyumbani, na tunazungumza bila kukaziana macho. Chumba chake sijui hata pazia lake ni la rangi gani. Kulala katika nyumba yake ndiyo kabisa. Hata mvua ije ya namna gani, nitapanda pikipiki yangu niende. Na nilijivunia kwamba katika miaka yote hiyo sijakosea hata mara moja.

Kazi niliyoifanya kwenye laptopu ile niliifanya kwa moyo wote, hilo naweza kuapa. Nilitoa vumbi la miaka. Niliweka Linux, ikawaka kwa sekunde chache kama mashine mpya. Nilikuza herufi zote mpaka zikawa za ukutani, kwa ajili ya macho yake. Kisha nikaweka sauti, ile programu ya kusoma kilichoko kwenye skrini, na kuna sauti ya Kiswahili humo, ya mtu aliyebanwa pua lakini inaeleweka. Nilihakikisha inaanza kuongea tangu mashine inapowaka, ili asipapase gizani. Nikazirudisha kurasa zake kumi na tisa bila kuzisoma. Nikachagua paswadi rahisi, nikamwandikia kwenye karatasi kwa kalamu nene.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, niliifunga laptopu nyuma ya pikipiki, nikapita Rongo, nikapita Homa Bay, nikashuka Lambwe. Niliiwasha mezani pale sebuleni, nikaweka paswadi upesi kabla sauti haijaanza, nikamsogezea mke wangu amwonyeshe. Mama alibonyeza hapa na pale, sauti ikamsomea sentensi yake mwenyewe, naye akacheka kwa furaha. "Inasoma vibaya kuliko darasa la pili," alisema, "lakini inasoma." Nilirudi Migori nikiimba.

Wiki mbili zikapita, nikamuuliza mke wangu kama mama anaandika. Akasema hajui. Mwezi ukapita. Nikapiga simu mwenyewe, mama akanijibu kwa adabu kwamba mashine ni nzuri, ahsante, Mungu anibariki, na mvua huko Migori ikoje. Nikauliza amefika ukurasa gani. Akasema kuna kazi za shamba.

Mwezi wa pili mke wangu alikwenda kumsalimia, akarudi na uso mzito. Mama alikuwa anajaribu kuandika kwa mkono kwenye daftari. Mistari ilikuwa inapandana, mwingine unaanza juu ya mwenzake, na ukurasa mmoja aliuandika mara mbili bila kujua. Laptopu ilikuwa imefunikwa kitambaa. Alipoulizwa kwa nini haitumii, alisema ataitumia.

Sasa niambie mtu kama mimi angelalaje. Shemeji alinipigia siku hiyo hiyo, na furaha yake haikujificha.

"Nilisema! Mathe ameshindwa na hiyo Linux yako. Anakuheshimu tu, hawezi kukuambia."

"Ameshindwa na nini? Kitu gani hasa?"

"Yote! Kila kitu iko mahali pengine."

Lile neno "yote" ndilo lililonichoma, maana halina maana. Nilirudi kwenye daftari langu la wateja, nikatafuta mtu wa umri wake, mwenye macho kama yake, aliyewahi kukalia Linux. Nilipata watatu, na wote walimaliza kazi yao. Nilijaribu kutumia mashine yangu nimefumba macho nusu. Nilimwomba mke wangu afungue barua kwenye mifumo yote miwili huku nikihesabu mibonyezo, mpaka akanifukuza jikoni. Sikuona kosa. Windows na Linux zilitofautiana hapa na pale, lakini mwalimu aliyeweza kufundisha watoto sitini kwa ubao mmoja hawezi kushindwa na kitufe kilichohama kona.

Mwezi wa tatu ulipokatika tukakubaliana, mimi na shemeji, tumalize ubishi mbele ya mwenyewe. Yeye angeleta laptopu ya Windows kutoka Homa Bay, mimi ningetumia ile ile ya mama. Tungempa kazi zile zile kwenye mashine zote mbili, naye ndiye angeamua. Mke wangu alisema sisi ni watoto wawili tunaogombea kiti, na kwamba atakuja atuone tukiaibika.

Jumapili hiyo tulikuta laptopu imewekwa tayari mezani sebuleni, imepanguswa. Mama aliketi upande wake, miwani minene usoni, na mkewe shemeji akatuletea chai. Niliiwasha mashine mwenyewe kama kawaida yangu. Sauti ilikuwa imepunguzwa mpaka mwisho, nikaipandisha juu kabisa ili shemeji asikie inavyofanya kazi. Nikaweka paswadi haraka haraka, nikaisukuma kwa mke wangu, naye akamkabidhi mama yake ikiwa wazi, tayari.

Mama alifungua hati. Aliandika sentensi mbili. Aliongeza ukubwa wa herufi, akahifadhi, akafunga. Kisha akafanya hivyo hivyo kwenye Windows ya shemeji. Huku alipotea mara moja, kule mara mbili, sikumbuki tena wapi ilikuwa mbili, ingawa siku hiyo tulibishana juu yake kama wabunge.

"Zote mbili ni nzuri," alisema.

"Mama, chagua moja," shemeji akasihi.

"Nimesema zote ni nzuri. Tofauti yake ni ya kanga na kitenge. Ukijifunga, umejifunga."

Nilichanganyikiwa kuliko nilivyokuja. Kama mashine ni nzuri na anaiweza, kwa nini ilikaa miezi mitatu chini ya kitambaa? Niliuliza hivyo hivyo, bila kuzunguka, nikiangalia sakafu. Mama alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba amechoka kutazamwa kama mtahiniwa, na kama tunataka kujua anavyoitumia, basi ngoja akaitumie pale anapoitumia. Akaizima, akaibeba, akaingia nayo chumbani kwake, mlango ukafungwa nusu.

Hapo ndipo nilipojua kwamba meza yake ya kuandikia iko chumbani. Mke wangu alisema, kana kwamba kila mtu anajua, kwamba ndiyo, iko chini ya dirisha, ndiko kwenye mwanga mzuri na soketi ya stima, na sebuleni wajukuu hawamwachii nafasi.

Tukangoja. Shemeji alikuwa ameinua kikombe. Kutoka chumbani kwa mama mkwe, kwa sauti ya juu kabisa niliyoipandisha mwenyewe, mashine ikataja jina langu.

Ilianza na jina la ubatizo. Ikatulia kidogo kama padri mgeni anayesoma matangazo. Kisha ikataja jina la baba yangu, lote, kwa pua, na kumalizia: "Ingiza neno la siri." Hakuna aliyejibu, basi baada ya kitambo ikarudia. Mwanamume mzima, mkwe wa nyumba ile, nilikuwa nimesimama chumbani kwa mama mkwe wangu nikijitangaza.

Shemeji alimwaga chai yote kwenye suruali yake. Alicheka mpaka akashuka kwenye kiti, akawa anapiga sakafu kwa kiganja. Mkewe alikimbilia nje. Mimi uso uliniwaka moto, sikujua niuweke wapi, na miguu yangu ilikuwa imeshaanza kuelekea kwenye pikipiki.

Kosa langu lilikuwa jepesi sana. Linux ikiwa inawekwa, huuliza jina la mwenye mashine. Nami kwa mazoea ya dukani, ambako huwa najaribu mashine kwa jina langu kabla ya kumpa mteja, niliandika langu na nikasahau kulibadilisha. Halafu kwa wema wangu wote nikalikuza likajaa skrini, na nikaipa mashine sauti ya kulitangaza. Kila mara nilipomwonyesha mtu, niliuvuka mlango huo mwenyewe kwanza, nikamkabidhi nyumba ikiwa wazi. Miaka yote nilikuwa nalinganisha vyumba vya ndani, kipi kina viti vizuri, na sikuwahi kuusimamia mlango.

Mke wangu aliingia kwa mama yake, wakazungumza kwa Kijaluo kwa muda. Alipotoka hakuwa anacheka.

"Siku ya kwanza alikuwa anavaa," aliniambia taratibu. "Aliiwasha huku anajifunga leso, ikakuita. Alivaa tena harakaharaka kama vile uko pale. Siku ya pili akajifunza kupunguza sauti. Lakini jina likabaki, kubwa vile, linamtazama. Akasema hawezi kulala na jina la mkwe wake likiwa mezani. Ndipo akalifunika."

"Kwa nini hakusema? Mimi ningelitoa kwa dakika mbili!"

"Angekuambia nini? Angeanzia wapi, kwamba umeingia chumbani kwake?"

Shemeji naye alikuwa ameacha kucheka. Alisema ofisini kwao kila asubuhi yeye huingia kwenye kompyuta kwa jina la mtu aliyestaafu zamani, na hajawahi kujiuliza. Kisha akasema jambo ambalo sote tulikuwa tunalizunguka. "Miezi mitatu," alisema. "Na yale macho."

Maji yakimwagika hayazoleki. Nililijua hilo nikiwa nimekaa pale na mikono mapajani, na niliona aibu ya kweli, si ile ya kuchekwa. Mashine ikarudishwa sebuleni. Nikafungua akaunti mpya, na ilipouliza jina nikaigeuza skrini, nikatoka nje, nikasimama uani mpaka mke wangu aliponiita. Mama hakuandika jina lake wala la mumewe. Aliandika "Mwalimu." Paswadi aliiweka mwenyewe na hakumwambia yeyote, na mamlaka yote ya mashine nikampa yeye, kila ufunguo. Nilihamisha kurasa zake kumi na tisa kwake. Halafu nikajifuta. Mashine iliniuliza kama nina hakika, nikabonyeza ndiyo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Sikumuuliza tena amefika wapi. Mwaka uligeuka. Siku moja mke wangu akarudi kutoka Lambwe na flashi mkononi. Mama amemaliza, alisema, na anaomba nimchapie. Ana ombi moja: nizifanye herufi zote zilingane, zisitofautiane, watu wasije wakashangaa.

Nilifungua hati ile dukani, kwenye mashine yangu, na ndipo nikaelewa ombi lake. Nilikuza maandishi ya mashine nzima, lakini sikumfundisha kwamba ukurasa unaweza kukuzwa bila kukuza herufi zenyewe. Kwa hiyo aliendelea na mazoea yake ya tangu kwenye Windows: kila macho yalipopungua, alikwenda kwenye kile kisanduku cha namba ya ukubwa wa herufi akaongeza. Na kwa kuwa ni mwalimu, kila siku aliyoandika alianza kwa kuweka tarehe juu kulia, kama kwenye ubao. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na herufi za kumi na nne. Wa saba, kumi na sita. Kumi na nane. Ukurasa wa kumi na tisa ulikuwa na herufi za ishirini, safi, na ulikwisha kwa maneno haya: kesho nitaanza habari za walimu wenzangu wanane, mmoja mmoja, kwa maana hakuna mwingine aliyebaki wa kuwaeleza.

Ukurasa wa ishirini ulikuwa na tarehe ya Jumatatu, siku moja baada ya ile Jumapili ya chai. Herufi zilikuwa za thelathini na sita. Zilisomeka: walimu wenzangu walikuwa wanane. Walikuwa watu wema. Kisha kitabu kikaendelea na habari za mabati.

Niliusoma ukurasa huo mara kadhaa. Mteja aliingia akataka kunakili kitambulisho, nikamwambia arudi baadaye. Niliichagua hati yote, nikaweka herufi za kumi na mbili, na kwa sekunde moja kurasa zikatulia sawasawa, zikapungua, na lile pengo likapotea kabisa. Mtu yeyote angesoma asijue kwamba kati ya sentensi hizo mbili na ile iliyotangulia kuna miezi mitatu ya jina langu.

Nilichapa. Lakini baada ya ukurasa wenye ahadi ile nilitia karatasi nane tupu, kisha nikafunga kitabu. Nilimwambia mke wangu ampe mama hivyo kilivyo, asieleze kitu asipoulizwa.

Mama mkwe alikipapasa, alivyonisimulia mke wangu baadaye. Sasa alikuwa anaona mwanga wa dirisha na vivuli vya watu. Aliuliza mbona ni kinene kuliko alivyokiandika, na mke wangu akamwambia ukweli. Akasema niende Jumapili.

Nilikwenda. Nilikaa kwenye kiti changu cha karibu na mlango wa nje, laptopu ya shemeji mapajani kwa sababu yangu niliisahau dukani. Mama alikaa chumbani kwake, chini ya dirisha, mlango wazi, sote tukiwa tumetazama upande mwingine. Nilifungua ukurasa mpya, nikamwambia niko tayari, aanze na mwalimu wa kwanza.

"Tarehe kwanza, ora," alisema kutoka chumbani. "Juu kulia."